Bambo na lori la mahindi: sampuli inaaminika kiasi gani?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu wa nafaka (aflatoksini). Siku chache baadaye ikalegeza, kwa masharti: shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Cheti hicho hutokana na sampuli, na hapo ndipo penye ubishi. Je, kilo moja mbili za mahindi zinaweza kulisemea lori zima?

Wanaotetea sampuli wana hoja nzito. Kupima ni kusaga, na kilichosagwa maabara hakirudi guniani. Anayetaka kila punje ipimwe atabaki na lori tupu. Kuacha kupima nako ni hatari. Mwaka 2004 Wakenya 125 walikufa kwa sumu hii, wengi wao Makueni na Kitui.

Lakini hesabu haina huruma. Chukua lori la magunia 300, na 15 kati yake yana sumu. Mkaguzi akidunga bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, kwenye magunia 20 bila kuchagua, uwezekano wa kuyakosa yote 15 ni kama asilimia 35. Mzigo huo utapita mara moja katika kila tatu, bila hata senti ya rushwa. Na hapo tumechukulia kwamba magunia yote yanafikika. Mkaguzi aliye juani, na foleni nyuma yake, atadunga ya pembeni na ya juu. Aliyepakia analijua hilo vizuri sana.

Sumukuvu yenyewe inazidisha ugumu kwa kuwa haisambai sawasawa. Punje moja ya gramu 0.3 iliyooza vibaya inaweza kuwa na sehemu 100,000 kwa bilioni. Ikiangukia kwenye sampuli ya kilo moja, hiyo peke yake inatosha kuipandisha hadi sehemu 30, mara tatu ya kikomo. Ikibaki guniani, sampuli inasoma safi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayelia kwamba mzigo uliopita asubuhi umekataliwa jioni huenda hadanganyi, na mashine pia haijakosea.

Kwangu mimi, tatizo kubwa liko kwenye bambo kuliko kwenye maabara. Kanuni za Ulaya zinataka shehena ya nafaka ya tani 20 hadi 50 itolewe vijisampuli 100 kutoka sehemu mbalimbali, jumla yake kilo 10, kabla ya kupimwa. Ni kazi ya jasho, na inataka watu wa kushusha magunia. Sisi tunapenda kununua mashine mpya, maana mashine hupigwa picha siku ya uzinduzi.

Kupima mara ya pili ni haki ya mwenye mzigo, mradi utaratibu uandikwe kabla ya majibu kutoka. Akiruhusiwa kurudia mpaka apate karatasi safi, ataipata tu. Na wapimaji wakichoka kubishana, bado kuna swali ambalo cheti hakiligusi: lori likikataliwa mpakani Namanga, mahindi yake huenda kuliwa wapi? Kumrudisha dereva alikotoka bila kuufuatilia mzigo ni kuwahamishia sumu walaji wa upande wa pili, ambako pengine hakuna atakayeudunga tena.