Imani au matendo: Paulo na Yakobo hawakuwa wanagombana na watu walewale

Hii ishu ya imani na matendo ikiibuka tu huwa inaenda hivihivi. Mlokole anatoa Waefeso 2:8-9, mmeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo mtu asije akajisifu. Mkatoliki anajibu na Yakobo 2, imani bila matendo imekufa. Halafu kila mtu anarudia mstari wake kwa sauti kubwa zaidi na hamna aliyemsikiliza mwenzie. Mi naona kinachotusumbua ni kwamba tunarushiana mistari bila kuuliza huyu aliyeandika alikuwa anamjibu nani.

Tuanze na Paulo. Warumi 3:28 anasema mwanadamu huhesabiwa haki (yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki) kwa imani pasipo matendo ya sheria. Ukitaka kujua hiyo "sheria" imetokea wapi soma Wagalatia, pale kuna watu walikuwa wanawafuata wale wa mataifa walioamini na kuwaambia bado hamjakamilika, mtahiriwe kwanza, mshike torati ya Musa. Ndo maana anawaka vile. Kwa hiyo wapo wasomi wanaosema Paulo alikuwa anapinga mambo ya tohara, vyakula na sabato tu, hakugusa matendo mema ya kawaida. Mi hapo nawafuata nusu njia tu, manake Warumi 4:5 anaenda mbali zaidi, anasema mtu asiyefanya kazi bali anamwamini yeye amhesabiaye haki asiyekuwa mtauwa (yaani asiyemcha Mungu), imani yake imehesabiwa kuwa haki. Hiyo siyo tohara tena jamani, hapo kazi zote zimewekwa pembeni.

Yakobo yeye shida yake ni nyingine kabisa. Sura ya 2 inaanza na tajiri mwenye pete ya dhahabu anaingia ibadani anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa simama pale au kaa chini. Halafu anakuja ndugu hana nguo wala chakula, anaambiwa nenda kwa amani ukaote moto ukashibe, na hapewi kitu. Halafu anamalizia na mashetani, kwamba hata wao wanaamini Mungu ni mmoja na wanatetemeka. Imani anayoipiga Yakobo ni ile ya kukubali kwa kichwa, na hiyo Paulo hajawahi kuiita imani, kwake imani ni ile itendayo kazi kwa upendo, Wagalatia 5:6.

Kinachonivutia ni kwamba wote wawili wanatumia mstari mmoja, Mwanzo 15:6, Abrahamu alimwamini Mungu ikahesabiwa kwake kuwa haki. Paulo anasema angalia, hii ni kabla hajatahiriwa, tohara inakuja sura ya 17. Yakobo anaruka mpaka sura ya 22, Isaka mwanae yuko juu ya madhabahu, anasema hapo ndo andiko lilitimia. Mzee ni yuleyule, ila mmoja anaangalia alivyoanza na mwingine anaangalia alikofika miaka mingi baadae.

Basi wengi wanaishia hapo wanasema hamna mgongano, tufunge kwa sala. Taratibu kidogo. Yakobo 2:24 inasema mtu huhesabiwa kuwa ana haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake, na hakuna sehemu nyingine kwenye Biblia ambapo utakuta "imani peke yake" zimekaa pamoja hivyo. Luther, yule mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Uprotestanti, waraka huu ulimsumbua. Kwenye Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522 aliongeza "tu" kwenye Warumi 3:28, na kwenye dibaji akauita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Kumlaumu ni rahisi, ila mtu alikuwa mtawa anayeungama mpaka wanaomsikiliza wanachoka, bado hana amani, na mwaka 1517 anasikia mhubiri Tetzel anapita huko anauza hati za rehema, vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi. Ukimtoa Luther kwenye hayo mazingira humwelewi.

Upande wa pili nao husingiziwa sana. Kila siku unasikia "Wakatoliki wanafundisha kujiokoa kwa matendo", wakati mtaguso wao wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu), 1547, tamko la kwanza kabisa kuhusu kuhesabiwa haki linamlaani yeyote anayesema mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Kristo. Tofauti ya kweli ipo ndani zaidi. Luther anasema Mungu anakuhesabia haki ya Kristo, matendo yanafuata kama tunda. Trento inasema neema inakubadilisha ndani kweli, na matendo unayofanya ukiwa kwenye hiyo neema yanaikuza haki yako, na dhambi ya mauti inaweza kukupotezea hiyo haki. Tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg Walutheri wa shirikisho la dunia na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja kwamba kwenye misingi wanakubaliana, Wamethodisti wakajiunga 2006. Sio wote walifurahi, maprofesa wengi wa teolojia Ujerumani waliupinga ule mwafaka. Huku kwetu sijui wangapi wameusikia, manake Mlutheri na Mkatoliki wa mtaa mmoja bado wanabishana kama vile ni juzi.

Na huku kwetu mambo yamegeuka kichekesho kidogo. Makanisa yanayohubiri "neema tu" mengi ndo yenye orodha ndefu kuliko yote, usivae suruali, usisuke, usionje bia, fungu la kumi, mfungo, panda mbegu uone muujiza (hiyo ya mbegu, kutoa hela upate baraka, Luther angeitambua haraka sana, ni kama zile hati za Tetzel). Wakati Mkatoliki, anayeitwa mtu wa matendo, anapeleka kichanga kubatizwa, mtoto hata shingo haijakaza, hajafanya tendo lolote wala hajaamini chochote, anapewa neema bure. Nani hapo anaamini neema?

Ila walokole wa zamani walikuwa tofauti. Ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, mahubiri yalikuwa damu ya Yesu, hamna lingine, lakini mtu akiokoka alirudisha alivyoiba, analipa madeni, anaenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Zakayo kabisa huyo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, anasema nitarudisha mara nne na Yesu anajibu leo wokovu umefika nyumba hii. Hakuna aliyekaa kuuliza kipi kilitangulia.

Kwa hiyo mi nipo wapi? Kwenye mwanzo nipo na Paulo, sababu ukisema matendo yanachangia hata kidogo kuingia, niambie mangapi yanatosha, na yule mwizi msalabani alikuwa na mangapi. Lakini Mathayo 25 inanikaba. Kwenye ile hukumu ya mwisho hamna anayeulizwa aliokoka tarehe ngapi, ni njaa, kiu, mgonjwa, mfungwa, na wale wanaoitwa mbuzi, waliohukumiwa, wanafukuzwa kwa ambayo hawakufanya. Watu wa imani pekee wanajibu hayo ni matunda tu, mti usio na tunda haukuwa hai. Sawa, ila ukisema hivyo umerudi kwenye kuhesabu matendo ili ujue kama umeokoka, sasa ule uhakika uliouhubiri umebaki wapi?

Trento walikuwa wazi kwenye hili, walisema mtu hawezi kujua kwa uhakika wa imani kwamba yuko kwenye neema, na walokole wanawacheka kwa hilo. Lakini muulize mlokole kuhusu yule mwenzie aliyerudi kwenye pombe baada ya miaka ishirini ya ushuhuda. Atakwambia "huyo hakuokoka kweli". Yule mtu alikuwa na uhakika uleule alionao huyu anayenijibu, na maneno yaleyale ya ushuhuda, sasa mi sijaona bado huyu wa leo anajuaje kwamba wa kwake ndo wa kweli.