Mgeni wa siku kumi: je, Wahindu huabudu sanamu?

Swali lenyewe limeshakata hukumu. Kwetu sanamu ni mwanasesere wa dukani, ni yule askari wa shaba katikati ya Dar es Salaam, na ni hiyo hiyo inayokatazwa katika Amri Kumi na iliyovunjwa na Nabii Ibrahimu. Ukishalitumia neno hilo kwa Mhindu, umemtia hatiani kabla hajafungua kinywa. Na tumeishi nao pwani hii karne nyingi, tukawatungia na methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Kiatu tulikijua. Ya hekaluni mwao hatukuuliza.

Wenyewe husema murti, neno la Kisanskriti lenye maana ya umbo, kitu kilichopata sura. Vijitabu vya kuwaelezea wageni hukimbilia kufasiri kila kiungo: masikio mapana ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ni usikivu, panya aliye miguuni pake ni tamaa iliyotiwa adabu, na pembe iliyovunjika aliitoa mwenyewe apate kalamu ya kuandikia Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa kale. Ni kweli, lakini hayo hayanitoshi. Maana ya murti naiona zaidi katika yale inayofanyiwa.

Chukua sikukuu ya Ganesha mjini Mumbai, kati ya Agosti na Septemba. Udongo unafinyangwa karakanani, unapakwa rangi, unawekwa sokoni. Watu wanapatana bei kama wanavyopatana bei ya chungu, kisha wanaubeba nyumbani uso umefunikwa kitambaa. Mpaka hapo ni bidhaa. Nyumbani husomwa dua ya kuomba pumzi iingie ndani yake, na ujani mwembamba uliochovywa kwenye samli huguswa machoni. Sasa amefika. Anapewa kiti, maji ya kunawa miguu, josho, nguo, maua, ubani, taa, na modaki, kile kitafunio cha unga wa mchele kilichojazwa nazi na sukari guru. Huduma kamili ni 16, na ukizisoma kwa mpangilio wake utaona ni zile zile za mwenye nyumba anayemkirimu mgeni mkubwa aliyetoka safari.

Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu hukaa siku moja na nusu, tano, saba au kumi, kwa kadiri ya desturi na uwezo wa nyumba. Siku ya kuondoka hunyunyiziwa punje za mchele, kisha murti husogezwa kidogo tu pale ilipoketi. Msogeo wa vidole viwili hivi. Kitendo hicho ndicho kinachonishughulisha kuliko vyote, kwa sababu baada yake ule ni udongo tena. Ndiyo maana wanaweza kuupeleka ufukweni, wakiimba kwa Kimarathi, lugha ya huko, aje mapema mwakani, na kuuzamisha baharini uyeyuke. Anayeamini kuwa Mungu ni ule udongo hawezi kufanya hivyo. Angekuwa muuaji.

Utaniambia: na murti za mawe, zinazokaa hekaluni mamia ya miaka? Hizo kweli hazizamishwi. Lakini hekalu la kusini mwa India linapotaka ukarabati, nguvu ya mungu huombwa ihamie kwenye chungu cha maji, ihifadhiwe humo mpaka mafundi wamalize, ndipo irudishwe. Jiwe linabaki pale pale, mwenyewe yuko kwenye chungu.

Upande wa wanaopinga murti nao una hoja, na nzito kuliko zote imetoka kwa Wahindu wenyewe. Dayananda Saraswati, mzaliwa wa Gujarat wa mwaka 1824, alikesha hekaluni usiku wa Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, akiwa kijana mdogo, akamwona panya akipanda juu ya alama ya Shiva na kula sadaka. Akajiuliza, huyu asiyeweza kumfukuza panya ataulindaje ulimwengu? Mwaka 1875, katika mji huo huo wa Mumbai, alianzisha Arya Samaj, jumuiya ya wanaoabudu kwa moto na mantra, yaani maneno matakatifu, za Veda, vitabu vyao vya kale, bila murti yoyote. Jumuiya hiyo ilivuka bahari hadi Nairobi. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja hawakubaliani.

Tena wapo wanaojitetea kwa kusema murti ni ishara tu, kama bendera. Siwaamini sana. Bendera haiogeshwi wala kulishwa. Na Novemba 2019, Mahakama ya Juu ya India ilipoamua kesi ya kiwanja cha mji wa Ayodhya, palipokuwa na msikiti uliobomolewa mwaka 1992, ardhi ilipewa mlalamikaji ambaye ni mungu mwenyewe, Rama mtoto. Ishara tu haifungui kesi. Mkosoaji akisema hapo kuna hatari, kwamba mgeni wa heshima amegeuzwa mwenye hati ya kiwanja, sina la kumbishia.

Wala sina la kusema kuhusu plasta. Murti kubwa za mitaani siku hizi nyingi si za udongo, haziyeyuki, na asubuhi yake mikono na mikonga imelala mchangani. Mwaka 2020 bodi ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo wa kuikataa plasta hiyo.

Lakini familia iliyozamisha ya udongo hairudi mikono mitupu. Huchota mchanga kidogo pale majini, huuweka juu ya kile kibao alichokuwa amekalia, na kuubeba mpaka nyumbani.