Seydlitz na ujuzi wa kusimama

Wengi wanaomsifu Friedrich Wilhelm von Seydlitz, jenerali wa askari wa farasi wa Prusia, ufalme wa Kijerumani, humsifu kwa kasi yake. Mimi nashikilia kwamba ukubwa wake ulikuwa katika kujua kusimama, na ushahidi wangu ni alasiri ya tarehe 5 Novemba 1757 huko Rossbach, Saksonia, katika Vita vya Miaka Saba.

Siku hiyo Mfalme Friedrich wa Pili wa Prusia alikuwa na watu wapatao 22,000, ilhali jeshi la Ufaransa na Dola Takatifu la Roma (muungano wa nchi za Kijerumani) lilikaribia maradufu ya hao. Seydlitz, mwenye umri wa miaka 36, aliyepewa ujenerali miezi michache tu kabla, baada ya pigano la Kolin, alikabidhiwa vikosi 38 vya farasi, na majenerali waliomtangulia kazini wakawekwa chini yake. Aliwapitisha farasi nyuma ya kilima cha Janus wasionekane, kisha, kama inavyosimuliwa, akarusha kiko chake hewani kuwa ishara ya kushambulia. Farasi wa adui, waliokuwa bado wamo safarini, wakavunjika.

Hapo ndipo moyo wangu unapokaa. Askari wa farasi wa zama zile, wakishashinda, waliwafukuza wanaokimbia hata wakatawanyika mashambani, jemadari wao asiwapate tena. Seydlitz aliwakusanya wake, akawapanga upya bondeni karibu na kijiji cha Tagewerben, akangoja. Askari wa miguu wa adui walipoanza kuyumba kwa mizinga na risasi, akawaangukia ubavuni. Prusia ilipoteza watu wapatao 550. Upande wa pili karibu 10,000, wakiwemo mateka wengi.

Mwaka uliofuata, katika pigano la Zorndorf dhidi ya Warusi, mfalme alimtumia amri baada ya amri ashambulie, naye akakataa mpaka wakati ufike. Inasemekana alijibu kwamba baada ya vita kichwa chake kitakuwa mikononi mwa mfalme, ila kwa sasa aachwe akitumie katika kumtumikia. Hata kama maneno hayo yamepambwa na wasimulizi, tabia ni ileile ya Tagewerben.

Alijeruhiwa vibaya katika pigano la Kunersdorf mwaka 1759, akarudi vitani, akapigana Freiberg mwaka 1762. Amani ilipokuja akawa mkaguzi wa askari wa farasi wa Silesia, na maafisa vijana wakapelekwa kwake kufunzwa, hadi alipofariki Ohlau mwezi Novemba 1773.