Saïo ni hapa juu

Wenye mumekwisha kusikia ile odyo ya binamu yangu, ile sauti aliyotuma kuhusu aibu yangu mbele ya wakwe, mupunguze kucheka. Si kweli kwamba nililia. Jasho nalo hupitia machoni.

Bastola ya marehemu koko, babu yangu, munaijua: ile iliyoliwa na kutu mpaka haifunguki, inayolala chini ya vitenge vya koko mwanamke, bibi yangu. Tangu utoto tunaambiwa "ilitoka Saïo", basi. Sasa mimi wiki mbili nzima nikamaliza mega zangu zote za intaneti kwenye Saïo ya Ethiopia: askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walivyotoka huku Kongo wakapitia Sudan, mpaka tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri mbele ya Jenerali Gilliaert wa Ubelgiji. Nilisoma yote. Bastola yenyewe sikuisoma.

Jumamosi wakwe wakaja kwetu Kadutu, hapa Bukavu. Tukala, nikasimama. (Nani alinituma? Sijapata jibu mpaka leo.) Nikawaeleza jinsi koko alivyomvua jenerali silaha kiunoni kwa mikono yake miwili. Baba mkwe, mtu wa maneno machache, akaomba aione. Akachovya kidole kwenye mawese yaliyobaki katika sahani, akaanza kusugua ubavu wa chuma.

Polepole. Mimi bado naongea, niko Gambela kule Ethiopia na vumbi lake. Ikatoka herufi: F.

"Fashisti!" nikapiga kelele. Mulione hilo kosa.

Akasugua. A. Nikawatazama mashemeji, kifua mbele, nikawakonyeza. Akachovya tena mawese, akasugua. B.

Jamani, B.

Mzee akavaa miwani. Akasoma kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtoto aliyeanguka: "Fabrique Nationale d'Armes de Guerre. Herstal. *Belgique*."

Nikasema labda Muitaliano aliinunua kwa Wabelgiji. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu wazima.

Hapo koko mwanamke akaweka kikombe chini. "Saïo gani unasema, weye mutoto? Saïo ni hapa juu, kwenye kambi ya askari! Koko yako alikuwa anapikia maofisa. 1960 muzungu wake alikimbia bila kumulipa miezi tatu, njo akabeba ile kitu na kikaango."

Nyumba nzima tukageukia kikaango. Kilikuwa mezani, sambaza, wale samaki wadogo, bado ndani. Shemeji mdogo, aliyekuwa anachukua wa mwisho, akarudisha mkono.

"Na 1941," koko akaendelea, wala hakuna aliyemuuliza, "alikuwa anachunga mbuzi kule Walungu."

Basi. Bastola imerudi chini ya vitenge, binamu akatuma odyo yake kabla wakwe hawajafika barabarani, na dote, yaani mahari, wamekubali tuzungumze. Ila baba mkwe ameongeza mbuzi mmoja kwenye orodha, akaandika mwenyewe kwa kalamu pembeni: "wa Jenerali".