Onyo la Git kuhusu mwisho wa mistari: maneno yalibadilika, na ilikuwa haki

Kwa miaka mingi, mtumiaji wa Git (programu ya kutunza matoleo ya faili za mradi) kwenye Windows aliyeandika amri ya git add, inayoandaa faili ili zihifadhiwe, alikuwa akipewa onyo la sentensi mbili. Ya kwanza ilimwambia kwamba alama ya LF (mwisho wa mstari kwa mtindo wa Unix) itabadilishwa kuwa CRLF (mtindo wa Windows) katika faili iliyotajwa. Ya pili ilimwambia kwamba faili hiyo itakuwa na alama zake za awali katika saraka ya kazi. Aliyezisoma harakaharaka alipita tu. Aliyezisoma kwa makini ndiye aliyebaki ameduwaa, kwa kuwa faili ileile ilionekana inabadilishwa na papo hapo inabaki ilivyo. Mwaka 2022 onyo hilo liliandikwa upya, na sasa linasema kwamba katika nakala ya kazi ya faili fulani, LF itabadilishwa kuwa CRLF mara nyingine Git itakapoigusa.

Wapo walioona kwamba kazi hiyo ni ya kupaka rangi tu, na hoja zao si za kupuuzwa. Onyo la zamani lilikwisha zoeleka. Mtu aliyelinakili na kulitafuta mtandaoni alipata majibu ya miaka mingi, ilhali maneno mapya yanaanza na hazina tupu. Majaribio ya Git yenyewe, yanayokagua matokeo kwa kutafuta maneno ya onyo, hayana budi kubadilishwa nalo, na wafasiri wanarudi kazini. Zaidi ya hayo, faharasa ya Git huita saraka ile ya kazi mti wa kazi, na kuleta jina jingine, nakala ya kazi, katika sentensi iliyokusudiwa kufafanua ni jambo la kushangaza kidogo. Hoja ya skripti zinazotegemea maneno ya onyo ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu maonyo yanayoandikiwa binadamu hayakuwahi kuahidiwa kubaki yalivyo. Anayetaka matokeo yasiyobadilika ana amri na machaguo yaliyotengwa kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, walioitwa wapaka rangi walikuwa wanashughulikia jambo zito kuliko lilivyoonekana. Chukua hali ya kawaida: kisakinishi cha Git kwa Windows, usipogusa chaguo lake la awali, huweka core.autocrlf, mpangilio wa kugeuza alama hizi, kuwa true. Faili yenye LF inapoongezwa, hifadhi (ghala ambamo Git hutunza matoleo) hupokea LF, na faili iliyo kwenye diski haiguswi. Mabadiliko huja baadaye, pale Git inapoitoa faili hiyo hifadhini na kuiandika upya, kwa mfano mtu anapohamia tawi jingine, yaani mkondo mwingine wa kazi, kisha akarudi. Kwa hiyo sentensi zote mbili za zamani zilikuwa za kweli. Zilichokosa ni wakati: moja ilizungumzia kesho, nyingine ilizungumzia sasa, na hakuna iliyosema hivyo.

Wakati huo ndio kiini cha onyo lenyewe. Nyaraka za core.safecrlf, mpangilio unaoamua kama onyo hili litolewe, zinakiri kwamba kugeuza alama hizi kuna uwezekano mdogo wa kuharibu data. Faili ya maandishi yenye mchanganyiko wa LF na CRLF ikisawazishwa, hakuna hasara ya maana. Lakini faili ya jozi (isiyo ya maandishi, kama picha) ambayo Git imeidhania kuwa maandishi ikifanyiwa vivyo hivyo, baiti zake hubadilika na Git haiwezi kuirejesha ilivyokuwa. Nyaraka hizohizo zinataja njia ya kuokoka: mara tu baada ya kukomiti (kurekodi mabadiliko hifadhini), faili ya asili bado ipo kwenye mti wa kazi, haijaharibika, na mtumiaji anaweza kuitangaza kuwa ya jozi katika .gitattributes, faili ya kuieleza Git namna ya kushughulikia faili nyingine, ili Git iishughulikie inavyostahili. Kumbe sentensi ya pili ya zamani, ile iliyoonekana kupingana na ya kwanza, ndiyo iliyobeba habari njema kwamba nafasi ya kuokoa bado ipo. Haikusema nafasi hiyo hufungwa lini. Onyo jipya linasema: Git itakapoigusa tena.

Hapa ndipo ninapoona gharama halisi ya maneno mabovu. Kwa kawaida yake core.safecrlf huonya bila kuzuia, na onyo hutolewa kwa kila faili moja moja. Mwanafunzi anayeongeza mradi mzima kwa amri moja huona skrini ikijaa mistari inayofanana, karibu yote ikihusu faili za maandishi zisizo na hatari yoyote. Maneno ni yaleyale kwa faili ya maelezo ya mradi na kwa faili ya data iliyodhaniwa vibaya. Kinachotofautiana ni jina la faili tu. Ili ashtuke anapoona jina lisilopaswa kuwamo, lazima kwanza aelewe anaambiwa nini. Asiyeelewa hutafuta namna ya kunyamazisha kelele, na ushauri uliozoeleka ni kuweka core.safecrlf kuwa false. Skrini inatulia. Onyo la faili isiyo na hatari linazimika, na lile la faili inayokaribia kuharibika linazimika nalo, kwa kuwa ni onyo moja. Huwezi kumlaumu sana mtu aliyezima kengele ambayo hakuwahi kuambiwa inalilia nini. Kwa hiyo zile kurasa za majibu ya zamani, zinazotajwa kama sababu ya kutobadilisha maneno, nyingine ndizo zilizofundisha watu kuzima kinga.

Onyo jipya halijakamilika. Neno kugusa ni la mazungumzo: anayeanza anaweza kujiuliza kama git status, inayosoma tu, nayo inagusa. Katika suala la mti wa kazi dhidi ya nakala ya kazi nakubaliana na wapinzani, ijapokuwa kwa asiyewahi kufungua faharasa nakala ya kazi inaeleweka upesi zaidi. Upungufu mkubwa uko kwingine, nao ni kwamba onyo halitaji mpangilio uliolisababisha wala halielekezi kwenye .gitattributes. Git ina utaratibu wa vidokezo vinavyoweza kuzimwa bila kuzima onyo lenyewe. Mtu akijikuta katika HEAD (kielekezi cha mahali alipo) iliyojitenga na tawi, huonyeshwa amri za kumtoa humo. Kidokezo cha namna hiyo, kikichapishwa mara moja tu mwishoni mwa orodha badala ya kurudiwa kwa kila faili, kingempa mwanafunzi yule njia nyingine mbali na false.