Seneti ikivunja mkataba, mchezaji ameonewa?

Wanaosanifu michezo ya kompyuta ya mkakati kuhusu Roma ya kale hubishana juu ya jambo moja: makubaliano yakishafikiwa, yamfunge nani? Wengi hujibu kwamba yawafunge mchezaji na jirani yake, basi. Kila dola ina alama za uhusiano. Ukitoa dhahabu zinapanda, ukivamia zinashuka, na mchezaji huiona hesabu yote kabla hajabonyeza.

Hoja hiyo ina uzito. Waliocheza Rome: Total War ya mwaka 2004 wanamkumbuka mshirika aliyeziba bandari yako ghafla, bila sababu yoyote unayoweza kuiona. Ukitendwa hivyo mara mbili tatu, hutumi tena mjumbe, unaajiri askari.

Tatizo ni kwamba alama hizo haziwezi kusimulia kisa kama cha Numantia, mji wa Hispania uliopigana na Roma. Mwaka 137 KK Wanumantia walimzingira Gaius Hostilius Mancinus, konsuli (mtawala mkuu wa mwaka) wa Roma, pamoja na jeshi lake. Walisema watazungumza na Tiberius Gracchus tu, mhazini wa jeshi hilo, kwa sababu baba yake aliwahi kufanya nao amani na akaisimamia. Kijana akaenda, viapo vikaliwa, na kwa hesabu ya Plutarch, mwandishi wa kale, raia 20,000 wa Roma wakaokoka, mbali na watumishi na wafuasi wa jeshi. Seneti, baraza kuu la Roma, ikaukataa mkataba. Mancinus akavuliwa nguo, akafungwa na kukabidhiwa kwa Wanumantia ili yeye abebe dhambi ya kiapo. Nao wakakataa kumpokea.

Hapo pana mchezo mzima. Imani ilikuwa ya ukoo, si ya dola, ndiyo maana mhazini alisikilizwa na konsuli akapuuzwa. Aliyeapa uwanjani hakuwa na neno la mwisho. Kiapo kilivunjika, lakini kwa bei, na bei yenyewe ilikuwa mtu. Kinachonivutia zaidi ni kule kumkataa Mancinus: mimi nakusoma kama ujanja, maana wangempokea wangekuwa wameifutia Roma deni. Mpe mchezaji anayeongoza Numantia chaguo hilo. Akimpokea konsuli, apate sifa ya ushindi na kesi iishe. Akimkataa, doa libaki kwa Roma, na jeshi lijalo la Kirumi likizingirwa likose wa kuzungumza naye.

Kwa Roma, uvunjaji ule ulilipa: mwaka 133 KK jemadari wake Scipio Aemilianus aliiangamiza Numantia. Mchezo usilifiche hilo wala usiliadhibu kwa nguvu. Utoze tu bei.

Je, mchezaji hataona ameporwa ushindi? Ataona hivyo iwapo Seneti itaamua kama dadu. Aonyeshwe mapema nani ndani yake anapinga, na masharti gani yatapita. Kwa kawaida yatapita yale yanayofanana na mkataba wa Apamea, ambao Roma ilimwekea mfalme Antioko wa Tatu wa Siria mwaka 188 KK: alipe talanta 12,000 kwa miaka 12, asalimishe tembo wake wa vita, atoe mateka, mwanawe akiwamo.

Panapobaki ugumu ni kwenye mechi za mtandaoni, watu wanane na saa chache za usiku. Huko kusubiri Seneti kutawachosha, na alama za uhusiano zinatosha.