Njano ya kina MacLeod

Skafu yangu niliitoa chini kabisa ya fungu la mitumba pale Karume. Njano kali, mistari minene myeusi, na uzi mwembamba mwekundu unaokatiza katikati ya njano. Muuzaji akanitupia begani: "Chukua hiyo dada, Umasai wa Ulaya huo." Nikacheka, nikalipa. Ilikuwa tartani, kitambaa cha miraba cha Waskoti, na hii ni ya ukoo wa MacLeod, watu wa visiwa vya magharibi ya Uskoti, na tangu siku hiyo nimekuwa na neno na wauza tartani.

Maana ukiwasikiliza wao, kila tartani ilivaliwa na mababu wa ukoo huo vitani tangu enzi na enzi. Kitambaa chenyewe ni cha kale, hilo sibishi. Kipo kipande cha karne ya 3 kilichokutwa Falkirk, ndani ya chungu cha sarafu za Kirumi. Lakini rangi fulani kuwa mali ya ukoo fulani, hiyo ni habari ya juzi, na kina MacLeod ni ushahidi mzuri.

Kwa masimulizi yao, babu yao Leod aliacha milango miwili: mlango wa Tormod uliokaa Harris na ngome ya Dunvegan kule Skye, na mlango wa Torquil wa Lewis. Leo kila mlango una tartani yake. Sasa tazama picha ya chifu Norman MacLeod iliyochorwa na Allan Ramsay mwishoni mwa miaka ya 1740. Amesimama kifua mbele, kavaa tartani nyekundu na nyeusi. Si ya Harris, si ya Lewis! (Na ni miaka ileile ambayo sheria iliyopitishwa 1746, baada ya waasi wa milimani kushindwa vitani Culloden, ilimfunga mwanamume wa kawaida miezi sita kwa kuvaa vazi la milimani. Chifu alikuwa upande wa serikali.)

Ya Harris, ile ya kijani na buluu, imetoka jeshini. Mwaka 1777 Lord MacLeod aliunda kikosi, akachukua tartani ya serikali, ile ya vikosi vyake, na kuiongezea mistari. Ila huyu Lord MacLeod jina lake ni John Mackenzie. MacLeod ni cheo tu. Ndiyo maana tartani ya Harris na ya Mackenzie ni kama pacha, isipokuwa penye mstari mweupe kwa mmoja, kwa mwingine pana wa njano.

Na njano yangu, ile ya Lewis? Hiyo ni kazi ya matapeli. Ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart, wakijidai wajukuu wa mwanamfalme Charles Stuart, yule aliyeongoza waasi wa Culloden, walisema wana hati ya kale ya tartani za koo zote. Mwaka 1829 Sir Thomas Dick Lauder alimwandikia mwandishi wa riwaya Walter Scott akiisifu ya MacLeod: mistari mitatu myeusi juu ya njano. Scott hakuiamini hati hiyo. Nakala waliyodai ni ya kale kuliko zote haikuwahi kuletwa ikachunguzwa, lakini mwaka 1842 ilichapwa kitabu, na koo nyingi zikajichagulia humo.

Wapo wanaosema basi yote ni uongo, tuitupe. Mimi nasema hapana. Ikunjue skafu kwenye mwanga. Mshindio, uzi wa kukatiza, unaruka nyuzi mbili za mtande, zile za urefu, unapita chini ya mbili, na kila safari unasogea uzi mmoja, ndipo unapopata ule mshazari. Rangi mbili zinakupa sura tatu. Sita zinakupa ishirini na moja. Aliyepanga hesabu hiyo alikuwa fundi, na fundi ndiye asiyetajwa.

Kiwanda cha Wilson pale Bannockburn kilikuwa kikiuza tartani kwa namba. Mwaka 1815 Highland Society ya London, chama cha kutunza mila za milimani, ilipowaomba machifu sampuli za koo zao, wengine hawakujua zikoje. Namba zikaanza kupata majina. Tartani iliyokuja kuitwa Macpherson ilikuwa imeuzwa kwanza kwa jina la Kidd, mteja aliyeinunua kwa wingi kuwavisha watumwa wake huko Karibiani. Jambo hilo hulioni kwenye kilebo cha dukani, pale pamechorwa shujaa na upanga. Mimi ningelinunua hata kwa bei zaidi kama kingeandika: imebuniwa na mfumaji, Bannockburn.

Skafu bado ninayo, kiyoyozi cha ofisini kikizidi najifunga. Shida ni moja tu. Mimi ni mtu wa Msimbazi, na kila nikiivaa wenzangu wananiuliza nimehamia Jangwani lini.